Ungo Mbele ya Mkaguzi

Tumemzika Eliza juzi kule Magamba, na mvua haikumwonea haya mtu. Chini ya turubai watoto wake walisimama mmoja mmoja kumwelezea mama yao: mwimbaji wa kwaya, mfugaji wa kuku, mwalimu ambaye hakuwahi kuchelewa kazini. Yote ni kweli isipokuwa hilo la mwisho, maana mimi nililala naye chumba kimoja chuoni na najua alivyolipenda blanketi lake asubuhi. Nilikula wali wangu nikanyamaza, na kunyamaza si kawaida yangu. Kisha mjukuu wake Neema, anayesoma chuo kikuu, akaja kukaa karibu nami, akanipa shikamoo, akatoa simu. "Bibi Zuhura, hebu tazama hii." Ilikuwa picha ya nyota changa. Katikati paling'aa, na kuzunguka hapo palikuwa na pete juu ya pete za rangi ya chungwa, zimetenganishwa na mistari myeusi. Neema akanieleza kwamba pete zile ni vumbi na gesi, na kwamba ile mistari myeusi huenda ndiko sayari zinazozaliwa zinakokomba vumbi njiani mwao. "Bibi alikuwa anasema wewe ulimwonyesha kitu hiki kabla mtu yeyote hajakipiga picha. Alikuwa ananitania?" Nikamwambia bibi yake alikuwa mtani wa mambo mengi, lakini si wa hilo. Kichwa kikanivimba pale pale msibani, Mungu anisamehe, na tangu juzi sijaacha kuukumbuka mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wetu wa mwisho chuoni. Mwingereza bado alikuwa anatawala, na habari za Uhuru tulizisikia kwa watu wazima waliokuwa wakizungumza kwa sauti ya chini na kukatisha tukipita. Chuo chetu cha walimu wasichana kilikuwa pembeni ya mji wa Lushoto, majengo marefu ya mawe yenye madirisha madogo, baridi ndani kuliko nje. Chumba changu na Eliza kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja ya kugombania, na ukuta uliotoa jasho kila mvua za masika. Yeye Mlutheri, mimi Mwislamu. Alfajiri nilipoamka kuswali alivuta blanketi hadi kichwani na kunong'ona, "Niombee na mimi, nitakulipa Jumapili." Chakula kilikuwa makande, na siku ambazo hayakuwa makande yalikuwa maharage yakisubiri kuwa makande. Nilikuwa na furaha sana mahali pale. Nasema hivyo wazi kwa sababu wenzangu wa umri huu wakikumbuka shule hukumbuka viboko tu.

Kilichokuwa kikining'inia juu ya kichwa changu ni hiki. Mimi nilikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chetu cha Malindi, huku huku milimani Lushoto, kusoma hadi hapo. Nyumbani palikuwa na mdogo wangu Mwanaidi, mwenye akili kunishinda, akilima viazi na kungoja. Baba alikuwa amekataa kumpeleka shule. Hakukataa kwa hasira, alisema tu, "Tumwone kwanza huyu." Huyu ndiye mimi. Nikirudi na cheti, Mwanaidi anakwenda. Nikirudi mikono mitupu, si yeye tu, hakuna baba hata mmoja wa Malindi ambaye angemtoa tena binti yake shambani. Na cheti hakikupatikana kwa mtihani wa kuandika peke yake. Kila mmoja wetu alipaswa kufundisha somo moja katika shule ya mazoezi, mbele ya mkaguzi kutoka serikalini, na ukianguka hapo hukuwa na nafasi ya pili.

Tulipiga kura ya masomo ndani ya kofia ya Miss Adney, mkuu wa chuo. Eliza akapata namna ya kutunza mbegu, akarukaruka. Mimi nikapata jinsi dunia na sayari zilivyotokea. Wenzangu wakanipa pole kama niliyefiwa. Miss Adney alikuwa Mwingereza mrefu, mkavu, mwenye Kiswahili safi cha kitabuni, na somo hilo alilipenda. Alinikalisha ofisini akanieleza kwamba kitabu chetu cha darasani kilisema nyota fulani ilipita karibu na jua ikalichomoa kipande cha moto, kikakatika vipande, vikapoa vikawa sayari. Wataalamu wengi, alisema, sasa walikuwa wanaliacha wazo hilo. Wengi walianza kuamini kwamba kabla jua halijawa jua palikuwa na wingu kubwa la gesi na vumbi. Wingu likajikusanya kwa uzito wake lenyewe. Kadiri lilivyojikusanya ndivyo lilivyozidi kuzunguka, na kwa kuzunguka likabapa. Katikati pakajaa, pakapata joto, pakawaka, hilo ndilo jua. Vumbi lililobaki likizunguka pembeni likashikana punje kwa punje hadi likawa mawe, na mawe yakawa dunia na wenzake. "Unaweza kufundisha la kitabu au hili jipya," alisema. "Ukichagua jipya, uwe tayari kulitetea." Nilichagua jipya kabla hajamaliza kusema.

Jaribio la kwanza katika darasa la tano lilikwenda vizuri hadi nilipouliza nani ana swali. Mtoto mmoja anayeitwa Hoza, mdomo mkubwa na macho makubwa zaidi, akasimama. "Mwalimu, barabara ya Mombo vumbi likitimka haligeuki jiwe. Linatuingia machoni tu. Hilo la juu linashikanaje?" Darasa likanitazama. Nikasema swali zuri, tutalijibu siku nyingine, nikaona Miss Adney nyuma ya darasa ameinua nyusi. Tulipotoka aliniambia kwa upole ambao ni mbaya kuliko ukali, "Mkaguzi atauliza hilo hilo, Zuhura. Yeye hatakubali siku nyingine." Jioni nilikula makande bila kujua ninakula nini. Eliza akayamalizia.

Jumamosi ile Eliza alinichukua kwa shangazi yake, Magamba, pale msitu unapoanza. Shangazi alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyetupokea kwa salamu ya Kishambaa, "Onga mshi," na kutukabidhi kazi kabla hatujakaa. Mimi nilipewa unga wa muhogo ulionunuliwa kwa wanawake wa bondeni, niusafishe kwenye ungo pale uani kwa ajili ya bada, ugali wa muhogo. Kila mtu wa milimani anajua kwamba ukungu ukianza kushuka kutoka msituni, unga unaingizwa ndani mbio. Watoto wadogo wanajua. Lakini nilikuwa namsimulia Eliza habari za Hoza kwa uchungu wote, mikono inazungusha ungo yenyewe, na ukungu ukanikuta. Sikuusikia hata ukinilowesha kope. Nilichosikia ni sauti ya shangazi kutoka jikoni: "We Zuhura! Unga wangu huo! Unaona ukungu unakuja na wewe umekaa tu kama bwana shauri wa serikali?" Nikatazama chini. Unga haukuwa tena unga. Ulikuwa umejaa vidonge vidogo, na vile vikubwa, kila nilipozungusha, vilikuwa vinabingirika juu ya unga na kuuokota, vinazidi kuwa vikubwa, na palipopita kidonge kikubwa pakabaki njia tupu.

Nilipiga ukelele uliomtoa shangazi nje na mwiko mkononi akidhani nimeumwa na nyoka. Nilimshika Eliza mabega, nikamwonyesha. "Punje zinashikana kwa sababu zinazunguka pamoja! Vumbi la Mombo kila punje inakwenda kwake. Hizi zinakwenda njia moja, zinagusana polepole, na zina kitu cha kuzigandisha." Eliza alitazama ungo, akanitazama mimi. "Na huko juu nako kuna ukungu?" Nikamwambia Miss Adney alisema kuna barafu, vumbi limevikwa barafu. Shangazi akauliza kama tumemaliza kuumba dunia, maana maji yalikuwa yanachemka. Bada la siku ile lilikuwa na mabonge, na nililaumiwa kwa haki. Nilikula kwa furaha kila bonge.

Wiki iliyofuata nilirudi darasani na ungo wa jikoni mwa chuo, unga kidogo, na kikombe cha maji ya kunyunyiza. Watoto walisimama juu ya madawati kuona. Hoza aliona vidonge vinakua akaguna kama mzee. Nilitoka mle nikitembea juu ya ardhi kwa hisani tu. Kitu nilichosahau, mimi mzaliwa wa milima hii, ni kile ambacho hata mtoto angenikumbusha: ungo ndicho chombo tunachosema wachawi hurukia angani. Nami nilikuwa nimewapa watoto ungo na nyota katika kipindi kimoja, kisha nikawaambia waende nyumbani wakajaribu.

Siku chache baadaye mimi na Eliza tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko tukimenya viazi, na dirisha la ofisi lilikuwa wazi juu yetu. Tukasikia sauti ya mwanamume, nzito, ya heshima. Alikuwa baba yake Hoza. "Miss, mimi sina ugomvi na shule. Lakini mtoto amechukua ungo wa mama yake, anazunguka nao uani, anasema anatengeneza nyota. Majirani wanaona. Hapa kwetu ungo na nyota vikikaa pamoja, watu wanasema." Miss Adney akamalizia: "Wanasema uchawi." Baba Hoza akajibu haraka, "Mimi sijasema. Watu ndio wanaosema. Na wengine wanasema watawatoa watoto wao." Eliza aliacha kumenya. Mimi niliendelea, na kiazi changu kikabaki kidogo kama karanga.

Miss Adney aliniita alasiri ile ile. Alisema ungo niuache. Nitumie ubao na chaki, nichore miduara, nimalize salama. Mkaguzi hakupenda vituko, na wazazi wangekuwepo. Nilikuwa naogopa, sikatai. Lakini nilijua jambo moja kwa uhakika, na uhakika una nguvu zake. "Miss, nikichora ubaoni Hoza ataniuliza tena swali lile, na safari hii mkaguzi atalisikia. Jibu liko kwenye ungo tu." Akalivuta faili lake mezani. "Ukishindwa sitakuwa na la kukutetea." Nikauliza, na nikifaulu? Akafungua faili lake akaanza kusoma. "Nitasema nilikuruhusu."

Mpishi wa chuo alikuwa amesikia maneno, akaufungia ungo wake kabatini. Nikabaki sina. Hapo ndipo Eliza alipofanya jambo ambalo hakuna mtoto wake aliyelisema chini ya turubai, kwa sababu hawalijui. Asubuhi ya somo, na yeye mwenyewe akiwa na somo lake la mbegu siku hiyo hiyo, alipanda Magamba kwa shangazi na kurudi na ungo. Hakuufunika kwa kitenge wala kupita njia ya nyuma. Aliuweka kichwani akapita nao katikati ya soko la Lushoto, jua limewaka, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake yote, na kila aliyemshangaa alisimama akamsalimu kwa jina. "Wachawi huficha," aliniambia alipofika, jasho linamtoka. "Sisi hatujaficha. Nenda kafundishe." Nimepata marafiki wengi maishani na nimewapenda. Hakuna aliyenibebea kitu kizito kama ule ungo.

Mkaguzi alikuwa mzee mnene wa Kiingereza, suti nyeusi, ameketi nyuma kabisa kwenye kiti kilichokuwa kidogo kwake. Miss Adney kando yake, uso kama ukuta. Dirishani walisimama wazazi, baba Hoza mbele, kofia yake nyeupe imenyooka. Nilifundisha wingu, nikafundisha kuzunguka, nikachora ubaoni jinsi wingu linavyobapa na katikati panavyowaka. Kisha nikauinua ungo, na darasa zima likanyamaza ghafla. Nilijua kimya hicho kinatoka wapi, nikaamua kutokikwepa. "Nani hapa kwao hakuna ungo?" Hakuna mkono. "Nani kala leo chakula kilichopita kwenye ungo?" Mikono yote. "Haya, nani mama yake huupanda akaenda nao sokoni Mazinde?" Kicheko kilianza kwa Hoza, kikaenda darasa zima, na nikakisikia kikitokea dirishani pia, kicheko cha watu wazima wasiotaka kuonekana wanacheka. Baada ya hapo ungo ulikuwa ungo.

Nikanyunyiza maji kwa vidole, nikazungusha. Nikawaambia kule juu hakuna ungo wala mikono. Kuna mzunguko tu, na barafu juu ya vumbi, na kitu kikishakuwa kikubwa cha kutosha huvuta vingine kwa uzito wake. Vidonge vikaota. Hoza hakungoja kuulizwa, alisema kwa sauti, "Punje hizi zinashikana kwa sababu zinakwenda pamoja! Za Mombo kila moja inakwenda kwake!" Ningeweza kumbusu. Ndipo mkaguzi akainuka, akaja mbele polepole kati ya madawati. "Mwalimu, kitabu kinasema sayari zilichomolewa kutoka kwenye jua. Kwa nini hukufundisha hivyo?" Nilikuwa nimeliwaza swali hilo nikimenya viazi, nikifua, nikiswali hata. "Bwana, kitu kilichochomolewa motoni kina moto, na moto hutawanya. Mvuke ukitoka chunguni haugeuki vidonge, unapotea hewani. Ili vitu vishikane vinahitaji ubaridi na utulivu, viende pamoja." Mkaguzi aliokota kidonge kimoja, akakiponda kati ya vidole, akakinusa. "Muhogo?" Nikasema muhogo, bwana. "Haulimwi huku juu." Na mimi, kwa ulimi wangu ambao haujapata kunisikiliza, nikajibu, "Umetoka bondeni, bwana. Hapa kila kitu kimetoka mahali pengine, hata dunia."

Miss Adney alifumba macho. Lakini kabla mkaguzi hajajibu, baba Hoza aliingiza kichwa dirishani. "Samahani, mwalimu. Mimi nina swali moja. Umesema huko juu hakuna mikono. Sasa nani anayezungusha?" Darasa likageuka kunitazama, Waislamu na Wakristo pamoja, na mkaguzi naye. Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Swali hilo lina wenyewe msikitini na kanisani, na mimi nimepewa kipindi kimoja tu." Akaitikia kwa kichwa polepole. "Umejua pa kuishia," akasema, akatoa kichwa chake. Katika miaka yote niliyofundisha baadaye sikupata kuulizwa swali zuri kuliko lile. Wataalamu wa Neema wana darubini zinazoona vumbi likizunguka nyota ambazo mimi sitaziona hata kwa macho ya ujana. Wameweza kuhesabu pete, kupima barafu, kuiona gesi ikitiririka. Naamini hata wao wangejibu kama nilivyojibu, na wangetaja muda mfupi walionao.

Nilifaulu. Eliza pia alifaulu. Miss Adney alimwambia mkaguzi, nikiwa nimesimama pale pale, kwamba ungo lilikuwa wazo aliloliruhusu tangu mwanzo, na sikumbishia. Tuliagana na Eliza kwenye njia panda, kila mmoja na sanduku lake, tukilia na kuchekana kwa kulia.

Nilipofika Malindi habari zilikuwa zimenitangulia, zimekuzwa kila kijiji zilikopita, hadi wa mwisho walimwambia baba kwamba binti yake aliruka na darasa zima. Alikuwa amekaa kibarazani anachonga mpini wa jembe. Mwanaidi alisimama nyuma yake na udongo hadi magotini, ananitazama mkononi aone kama nimeshika kitu. Nikampa baba shikamoo, nikamkabidhi cheti. Hakujua kusoma, lakini alikigeuza huku na huku, akakirudisha. "Ni kweli ulimwonyesha Mzungu dunia ilikotoka, kwa ungo?" Nikasema kweli, baba. Akarudia kuchonga mpini wake. Alichonga hadi nikadhani amemaliza maneno, kisha akasema bila kugeuka nyuma, "Mwanaidi, kanawe miguu. Kesho unakwenda na dada yako shule. Haiwezekani nyumba nzima mtu mmoja tu ndiye ajue tulikotoka."